Mficha Uzima

Mtu akilazwa huhesabu siku za kutoka. Roelf Wiersema naye alizihesabu, ila kila moja iliyopita ilimuuma. Alilazwa siku kumi na mbili katika kituo cha majaribio ya dawa mjini Groningen, na wala hakuwa mgonjwa. Kituo kile hakikutaka wagonjwa. Kilitaka watu buheri wa afya, wasio na kasoro mwilini, wameze dawa ambayo mgonjwa hajaionja bado, kisha watolewe damu, wapimwe moyo na waulizwe wanajisikiaje. Safari hii ilikuwa dawa ya kifafa cha watoto.

Wanaume walikuwa wanane. Saba walikuwa wanafunzi waliofuata malipo, nao hawakuona haya kusema. Roelf, mwenye miaka hamsini na minane, alifuata maswali. Kila siku saa moja asubuhi sista Nynke alikuja na karatasi zake, akamfunga kitambaa cha presha mkononi, akamwuliza: umelalaje, umekula ukamaliza, kuna chochote unachokisikia mwilini? Tangu mama yake afariki, miaka mitatu na nusu iliyopita, hakuna mtu mwingine aliyemwuliza Roelf amelalaje. Jirani wa ghorofa moja naye humsalimu vizuri tu kwenye ngazi, kisha hufunga mlango wake taratibu. Hana ubaya wowote. Ndivyo watu wanavyoishi.

Dawa walimeza kwa zamu, dakika kumi kati ya mmoja na mwenzake, kisha kila mtu akaletewa vipande viwili vya mkate na jibini ambavyo sheria ilitaka vimalizwe hadi chembe.

"Mzee, unakula kama uko harusini," alisema Jorrit, kijana wa kitanda cha jirani.

"Nakula kama nilivyoagizwa. Wewe bakiza hilo ganda la mkate uone, sista atakushika pua akulishe."

"Heri anishike pua. Mshipa wangu umechoka kushikwa."

Roelf alicheka hadi kibandiko kimoja cha kipimo cha moyo kikabanduka kifuani, sista akaja kukibandika upya huku akiwakaripia wote wawili. Kwa kweli alikuwa na furaha. Huyu mtu mzima, mwenye funguo za nyumba yake na kitanda kizuri, alikuwa na furaha katika chumba cha watu wanane chenye harufu ya spiriti.

Siku ya kutoka, Jumanne ya Februari kumi na nne, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto viliingia ganzi. Alisema, maana kusema ndiyo kazi waliyomwitia. Nynke akafungua fomu: imeanza lini, saa ngapi, inakuzuia kufanya nini.

"Nitakupigia kila Jumanne saa nne asubuhi mpaka iishe," alisema. "Ndiyo kanuni. Jambo likikuanzia mikononi mwetu, hatuliachi mpaka liishe."

"Na lisipoisha?"

"Basi nitakupigia mpaka nistaafu."

Ulikuwa utani. Roelf aliubeba mpaka nyumbani.

Ganzi ile iliisha Alhamisi, siku mbili baadaye, alipokuwa akimenya viazi. Alivikunja vidole, akavikunjua, akavigonga kwenye karo la jikoni. Vizima kabisa. Akajiambia Jumanne nitamweleza, akaendelea na viazi vyake, na mpaka Jumanne hakuongea na mtu ila yule binti wa dukani aliyemwuliza kama anataka risiti.

Jumanne simu ikalia saa nne kamili. Neno alikuwa nalo tayari mdomoni.

"Habari za asubuhi, Bwana Wiersema. Nynke hapa. Vipi vidole?"

Sasa, mtu ambaye simu yake hulia kila siku hawezi kuelewa kilichompata Roelf pale. Alisikia jina lake likitajwa. Alisikia mtu upande wa pili akingoja jibu, kweli akilingoja, kalamu mkononi. Akajua kwamba akisema neno lile alilokuwa nalo, sauti hii itamshukuru na kukata.

"Bado, sista," alisema. "Kidogo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mficha uzima hawakuacha neno. Nadhani hawakuwahi kumwona.

Basi zikaanza Jumanne za Roelf. Saa tatu alinyoa ndevu, kana kwamba simu ina macho. Aliweka kahawa na biskuti moja. Moja tu, maana mama yake alikuwa akitoa moja na kufunga kopo, iwe kwa mgeni au mwenyeji, na mwana hakuwahi kupata ujasiri wa kulifungua tena. Nynke aliuliza: unaweza kufunga vifungo? Unashika kikombe? Inakuamsha usiku? Roelf akajifunza uongo wa kina. Akasema juzi kijiko kilimponyoka. Akasema usiku wa Jumamosi aliamka mara mbili. Na katikati ya maswali hayo, mengine yakawa yanapenya.

"Kwani wewe ni wa wapi, sista? Hiyo lafudhi si ya hapa."

"Mimi Mfrisia, wa mkoa wa jirani."

"Aa. Watu mlio na lugha yenu wenyewe na bado hamna la kusema."

"Na ninyi wa Groningen, nyumba ikijaa neema mpaka darini, mnasema 'si mbaya'."

"Si mbaya hilo," alisema Roelf, na Nynke akacheka.

Akamweleza juu ya daraja. Alikuwa mlinzi wa daraja la kuinuka miaka thelathini na mmoja, peke yake katika kibanda cha vioo juu ya mfereji, akiwafahamu manahodha kwa mlio wa injini kabla hajawaona. Kisha daraja likaunganishwa na kompyuta, likawa linainuliwa na mtu aliyeketi mji mwingine mbele ya skrini ishirini. Roelf akaagwa kwa keki na saa ya ukutani.

"Endelea," alisema Nynke.

Yeye huenda alikuwa akingoja mashine yake ifungue ukurasa wa pili. Roelf hakujua hilo, na asingetaka kulijua. Alijibu hilo "endelea" kwa dakika kumi na moja.

Jumanne ya tatu simu ilikuja na upepo ndani yake. Nynke alikuwa likizo kisiwani Terschelling.

"Uko likizo na unanipigia?"

"Jumanne ni Jumanne," alisema.

Maneno hayo mawili matatu Roelf alilala nayo wiki nzima. Hata chooni, ambako kalenda ya siku za kuzaliwa bado ilining'inia na mwandiko wa mama yake, nusu ya majina yakiwa na msalaba mdogo wa marehemu pembeni, alijikuta akiyasema kwa sauti.

Wiki ya tano akaitwa kituoni apimwe mishipa ya fahamu. Alikwenda amevaa koti zuri. Daktari alimchoma kwa sindano, akampitishia umeme mdogo, akatazama mistari kwenye skrini na kukunja uso. Mashine ilisema mkono huu ni mzima. Mwenye mkono alisema una ganzi. Na katika kazi ile, neno la mtu huandikwa juu ya neno la mashine, kwa sababu hakuna anayejua mwili ila mwenyewe. Daktari akaandika: bado.

Kwenye ukumbi, penye mashine ya kahawa, alikutana na Jorrit.

"Mzee! Na wewe uliandikishwa kundi la pili? Basi umekuja bure kama mimi. Limesimamishwa."

"Kwa nini?"

"Kuna mmoja wetu ganzi haimtoki. Wiki ya tano hii. Hawataki kupandisha dozi mpaka ieleweke."

"Nani huyo?"

"Hawasemi, siri. Mimi namshuku yule mrefu wa kitanda cha mwisho. Alikuwa akilialia tangu siku ya kwanza." Jorrit alimtazama mkono. "Wewe vipi, mzima?"

"Mzima," alisema Roelf. Lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli katika mwezi mzima, na alimpa mtu asiye na fomu.

Ungetarajia aseme Jumanne iliyofuata. Mimi pia ningetarajia. Lakini alijua bei yake: akisema, hatapoteza simu tu. Aliyeudanganya utafiti hupigwa kalamu nyekundu, hapokelewi tena kituo chochote. Hakutakuwa na saa moja asubuhi, wala kitambaa cha presha, wala vijana wa kumtania kwenye mkate. Kwa hiyo Jumanne ya sita Nynke alipouliza, akajibu bado.

Nynke alivuta pumzi. "Basi nikwambie, usije ukasikia kwingine. Alhamisi ya wiki ijayo kamati inakaa. Kama bado, wataufunga utafiti, dawa itawekwa kabatini."

"Kwa ajili ya vidole viwili?"

"Hii ni dawa ya watoto, Bwana Wiersema. Hawawezi kubahatisha mishipa ya mtoto. Wako wanaoanguka mara ishirini kwa siku. Mama anamvisha mtoto kofia ngumu ndipo amweke mezani kula. Miaka minne wanatungojea." Kisha akasema haraka: "Lakini huo si mzigo wako. Usiseme umepona kwa kutuonea huruma. Vidole vyako kwanza."

Hilo la mwisho ndilo lililomchinja. Kama sista angemlaumu, Roelf angejua pa kujificha.

Wiki ile Roelf hakula vizuri. Alimwona mtoto asiyemjua, mwenye kofia ngumu, mbele ya bakuli la maziwa. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuziacha meli zikingoja mbele ya daraja lililofungwa bila sababu, hata mara moja, hata siku aliyokuwa na homa. Na leo alikuwa amelifunga daraja la watu ili asikie mlio wa injini. Alijionea aibu. Aliona aibu zaidi kwamba, pamoja na yote hayo, bado aliingojea Jumanne.

Simu ikalia saa nne kamili.

"Vipi vidole?"

"Kama umesimama, kaa kwanza, sista."

"Nimekaa. Vimezidi?"

"Havina kitu. Havijawa na kitu tangu Alhamisi ile ya kwanza, Februari kumi na sita. Nilikuwa namenya viazi, ikaondoka. Nimekudanganya Jumanne sita."

Upande wa pili karatasi zilifunuliwa kurudi nyuma. Kisha: "Hata kijiko?"

"Hakikuanguka kijiko chochote."

"Na kuamka usiku?"

"Nalala fofofo."

"Kwa nini, Bwana Wiersema?"

"Kwa sababu ulikuwa unapiga." Roelf aliisogeza biskuti pembeni. "Hakuna mwingine anayepiga. Ningesema nimepona, usingepiga tena."

"Nilikupigia kutoka kisiwani," alisema Nynke polepole. "Mume wangu na watoto wamesimama kwenye upepo wananingoja."

"Najua. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani labda unanipigia mimi."

"Nilipigia vidole," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia, na ukali Roelf angeuvumilia kwa urahisi zaidi.

Kisha sista akarudi kwenye fomu yake. Akamweleza kwamba itabidi aandike yote kama yalivyo, kwamba jina lake litaondolewa kwenye orodha, na kwamba hakuna kituo nchini kitakachompokea.

"Andika."

"Tarehe ya kupona ni Februari kumi na sita. Saa?"

"Kumi na moja na nusu jioni. Kabla ya chakula."

Alizisikia herufi zikigongwa, moja moja. Zilichukua muda mfupi mno.

"Asante kwa kusema kabla ya Alhamisi," alisema Nynke. "Kundi la pili litaanza." Hakukata. "Una mtu wa kuongea naye? Ndugu?"

"Kaka yangu yuko Kanada."

"Mpigie leo."

"Saa hizi huko bado wamelala."

"Basi baadaye." Akatafuta maneno, akapata yale ya kazini tu. "Mimi siwezi kukupigia tena. Si adhabu, usielewe hivyo. Ni kwamba walio wazima hatuwapigii."

"Najua, sista," alisema Roelf. "Mimi ni mzima."