Kitambaa cha Manjano Juu ya Kompyuta

Haya, wewe uliyekaa hapo, nitegulie kitendawili hiki kabla sijaendelea: nampenda, kwa hiyo namvika, nikimvika anaungua, nikimvua anapona. Ni nani? Fikiri vizuri, wala usiwe na haraka ya kunipa mji. Miji niliyopewa na wajukuu ni mingi, sina tena pa kuiweka.

Wakati unafikiri, ngoja nikupe habari za kompyuta yetu.

Ilizaliwa humu ndani mwanangu alipokuwa na miaka kumi na saba. Nasema ilizaliwa kwa sababu haikuja nzima. Yeye na baba yake waliiunga kwa vipande vilivyotumika: leo sanduku, mwezi ujao feni, mwezi mwingine kioo. Siku ilipowaka, taa ya buluu ilitokea tumboni mwake, ikavuma kama cherehani. Marehemu mzee wangu alikuwa mtunza stoo, mtu wa kuhesabu misumari, meno yake hukuyaona ovyo. Lakini akishavuta kile kigoda cha jikoni, akakaa nyuma ya mwanawe wakacheza mpira wa kwenye kioo, usingemjua. "Pasi! Toa pasi, we mchoyo!" Jirani aliwahi kuja mbio akidhani watu wanapigana.

Mimi nilikaa pembeni na sindano yangu, nafuma. Nilikuwa naifumia kompyuta kitambaa cha sufu ya manjano, chenye maua manne, ua moja kila pembe. Kwangu kila chombo cha heshima kina kitambaa chake: redio, friji, hata mtungi wa maji. Kompyuta ingekaaje uchi mbele ya wageni?

Miezi miwili nilifuma. Nilipoifunika, mwanangu alikishika kile kitambaa akakigeuza upande huu na huu, akasema, "Mama, hiki ungeuza." Nikasema siuzi.

Wiki mbili baadaye kompyuta ikafa. Ilizimika katikati ya mechi, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, basi.

"Michezo ndiyo imeiua," mzee akasema. "Ulikuwa huipumzishi."

Kijana alikuwa amepiga magoti nyuma ya sanduku, ameshalifungua. Nikamuuliza, "Mwanangu, umeifanya nini?" Akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akainamisha kichwa. Mzee akaona kimya kile ni kukiri kosa, akapiga marufuku mchezo ndani ya nyumba yake. Kijana aliitengeneza kwa mshahara wake wa kwanza, lakini ikabaki ya kuandikia barua. Kitambaa nilikuwa nimeshakihamishia kwenye redio. Kigoda kikarudi jikoni. Mzee alikwenda kaburini bila kuifuta amri yake, na swali langu likabaki linaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Siku hizi mwanangu anaendesha winchi kwenye bandari ya mbali, nchi za watu, yeye na mkewe. Binti yao ninaye mimi. Ana miaka kumi na tano, namwita mke mwenzangu, naye ananiita bi mkubwa. Mwaka mzima alimbembeleza baba yake wacheze mpira, yeye huku, baba kule, kwa mtandao. Jibu lilikuwa lile lile: "Mambo hayo niliyaacha, mama. Muulize bibi yako."

Mimi niulizwe nini? Nilichojua ni kwamba tangu siku ile sijamsikia mwanangu akicheka kicheko cha kelele, kile cha kugonga meza. Nilikitamani kabla sijafa.

Siku moja akachoka kubembelezwa. "Haya. Mashine ikiweza, mechi moja. Jumapili ya mwisho wa mwezi."

Mashine ikiweza! Mashine yenyewe ukiiwasha asubuhi, unafagia uwanja, unaosha vyombo, unamsengenya jirani mmoja mpaka unammaliza, ndipo inafunguka.

Tukaibeba kwenye kikapu, mimi mkono huu, mke mwenzangu mkono ule, mpaka kwa fundi. Fundi mwenyewe msichana, duka lake limebanwa katikati ya kinyozi na muuza viatu, bisibisi kaipachika nyuma ya sikio kama kalamu ya karani. Mke mwenzangu akafungua fundo la leso: pesa zake za miezi kadhaa za kusuka watu nywele, na zangu za kuuza vitambaa. Fundi akazitazama, akaitazama mashine, akakohoa kama daktari anayetafuta maneno mazuri.

"Kwa hizi mpya hampati," akasema. "Ila huyu bibi ana mifupa mizima. Tukimbadilisha viungo viwili vitatu, atakimbia."

"Bibi yupi?" nikauliza.

"Kompyuta, bibi! Kompyuta!"

Tukacheka mpaka kinyozi akachungulia. Kisha fundi akatueleza taratibu. Diski ya zamani inazunguka kama sahani ya santuri, ndiyo maana inachelewa. Tuweke isiyozunguka, hata ndogo. Tuongeze kijiti kimoja cha kumbukumbu. Halafu kadi ya kuchorea picha, ya mitumba, aliyoitoa kwenye mashine ya mtu aliyehama. Mke mwenzangu alikuwa ameshikilia kadi nyingine ya kung'aa, yenye taa za rangi tatu.

"Rudisha hiyo, mdogo wangu," fundi akamwambia. "Taa hazifungi magoli."

Alipokuwa anapuliza vumbi, akaingiza kibano kwenye feni la juu, akavuta uzi. Akavuta tena. Mrefu, umejiviringa kwenye mhimili, mchafu lakini manjano yake bado yanaonekana.

"Bibi, mna paka?"

"Hatuna."

"Basi nani anafuma sweta humu ndani?"

Niliyecheka zaidi ni mimi. Kumbuka hilo.

Jumamosi kompyuta ikarudi nyumbani. Ukibonyeza tu, imeshafunguka. Sikuwahi hata kushika ufagio. Mke mwenzangu aliruka mpaka taa ya dari ikatikisika. Alipotoka kwenda kusuka mteja, nikasema moyoni, bi harusi huyu hawezi kukaa hivi. Nikakitoa kitambaa cha manjano kwenye redio, nikakifua, nikakitia wanga, nikakipiga pasi, nikaivika kompyuta. Maua yote manne yalikaa sawasawa.

Jumapili mchana tukakaa mbele ya kioo. Mke mwenzangu alikitazama kitambaa, akanitazama, akatabasamu. Sauti ya mwanangu ikatoka kwenye spika kama yuko chumba cha pili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo unafungwa na mwanao."

"Tutaona."

Mpira ukaanza. Dakika ya kumi hivi, mwanangu akakosa goli la wazi. Nikamsikia anavuta pumzi. Nikajua kicheko kile kiko njiani, kimefika kooni. Hapo hapo kioo kikawa cheusi.

Ikaja harufu ya kitu kilichopata moto.

Mke mwenzangu alilia kwa kwikwi. "Miezi yote ile, Bibi! Vichwa vya watu wote wale!" Simu ikaita. Baba yake akasema polepole, "Si nilikwambia, mwanangu? Hiyo mashine na mimi hatuna bahati. Tuache tu."

Jumatatu fundi akaja mwenyewe. Hata bisibisi hakuitoa sikioni. Aliweka kiganja juu ya sanduku, juu ya maua yangu.

"Nani ameivika?"

"Mimi," nikasema kwa fahari.

"Bibi yangu, hapa juu ndipo inapotolea joto. Umeiziba pua. Bahati yako kiungo cha umeme kiliwahi kubadilishwa, hiki kina akili, kimeizima kabla haijaungua. Hakuna kilichoharibika. Cha zamani kisingejiokoa." Akamgeukia mke mwenzangu. "Na wewe, mtoto wa kompyuta, hukuliona hili?"

Mke mwenzangu akainamisha kichwa. "Nililiona. Nilijua itapata joto. Lakini Bibi alikuwa amekaa pale pale, anakitazama kitambaa chake, amefurahi. Ningekivuaje?"

Kile kichwa kilivyoinama! Nilikuwa nimeshakiona mara moja, kwenye shingo nyingine, nyuma ya sanduku hili hili. Ule uzi wa manjano ukanipita machoni, na kicheko changu kule dukani kikanirudia kama teke.

Kama ulikuwa bado unahangaika na kitendawili changu, acha sasa. Lete mji wako.

Jioni ile nikampigia mwanangu. "Jumapili ijayo mechi ipo."

"Mama, na wewe tena?"

"Na mimi tena. Amri ya baba yako naifuta mimi. Mjane ana haki hiyo."

Akasema, "Sawa, Mama."

Jumapili ilipofika, kitambaa kilikuwa kwenye redio. Nikakivuta kigoda kutoka jikoni, nikakaa nyuma ya mke mwenzangu. Kompyuta ilikuwa uchi, buluu tupu, inavuma. Sikujua macho yangu yaangalie wapi; nilijisikia kama niliyeingia kwa watu wanaooga. Mpira ukaanza. Mwanangu akachukua mpira nyuma kabisa, akapiga chenga moja, mbili, tatu, akakataa kumpa mtu.

"Toa pasi, we mchoyo!" nikapiga kelele.

Kikatoka. Kicheko kile, pamoja na kishindo cha kiganja juu ya meza, huko huko ng'ambo. Mke mwenzangu akaacha kubonyeza akanigeukia, maana hajawahi kumsikia baba yake hivyo.

Nikainama kwenye kipaza sauti kabla moyo haujanikimbia.

"Mwanangu, siku ile nilikuuliza umeifanya nini. Nilikosea swali. Nilipaswa kuuliza hivi: ulipoifungua, uliukuta uzi wangu? Ulijua kuwa ni kitambaa changu?"

Mchezaji wake akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mke mwenzangu akamnyang'anya mpira, akaenda nao mpaka golini, akafunga, wala hakushangilia. Feni likavuma. Nikasubiri, kama nilivyosubiri miaka yote hiyo.

"Nilijua, Mama," akasema. "Lakini kitambaa kilikuwa kizuri."