Kabila la Salvator

Chombo kilichoanguka kutoka angani msitu wa Ugalla mwaka jana hakikuwa kikubwa. Kilitosha ndani ya mzinga mmoja wa gogo, na ndimo kilimoingia. Anayebisha akawaulize nyuki. Kasilda, mjane anayerina asali, alipanda kuvuna akakuta nyuki wametulia tuli, na katikati yao jamaa wa kijani, kimo cha kuku, macho matatu, anavuta moshi kama anakunywa uji. Akamwita Salvator, maana jina lake halisi lilihitaji pua mbili kulitamka.

Tangu hapo Salvator ndiye aliyeingia mizingani. Kasilda, aliyezoeleka kuvimba uso kila msimu, akaonekana na mashavu yake mwenyewe. Nyumbani walizozana juu ya chumvi ya mboga kama ndugu wa tumbo moja.

Ndipo Nashon, mtendaji wa kijiji, akaitisha mkutano. Macho matatu hayakumshtua. Kilichomsumbua ni fomu.

"Jina, sawa. Anakotoka, nimeandika 'mbali'. Kabila?"

Salvator akamgeukia Kasilda.

"Asiye na kabila hakai kijijini kwangu. Jumamosi anapelekwa Mpanda, wajue wao."

"Mtendaji," Kasilda akasema, "mume nimezika, watoto wako Dar. Nimebaki na huyu tu wa kuzozana naye."

"Mama, fomu haina moyo."

Walioshangilia sana ni waliohamia juzijuzi. Masele, Msukuma aliyeingia na ng'ombe mia mbili, akasimama. "Wageni wamezidi! Tena huyu, hata ndama wangu kilema anamshinda sura!"

Salvator akamgeuzia macho yote. "Ng'ombe wako walihama Shinyanga kukukimbia wewe. Ukawafuata."

Watu wakamgeukia Masele. Huku kwetu maneno hayo anakuambia adui au mtani, hakuna wa katikati. Mabega ya Masele yakatikisika, kikamtoka kicheko mpaka kofia ikadondoka.

"Haki ya nani, huyu mtani wangu! Mkimfukuza, siku nikifa nani atanitukana msibani? Nyie mtalia tu!"

Nashon akatafuna kalamu. "Kama ana mtani, basi kabila analo. Lipi?"

"Andika lolote linalotaniana na Wasukuma," Masele akajibu.

Akaandika, akagonga muhuri. Salvator akaokota kofia ya Masele akaivaa, ikamfunika mpaka magotini. Masele hakuidai, mtani akichukua, kachukua. Kasilda akambeba mtu wake, kofia na yote, wakaenda zao.