Mrushaji wa Miaka Arobaini na Moja

Jumapili ile Jarrod Pickens, mrushaji wa timu, alipovunjika bega, uwanja mzima wa Erie ulisimama. Kijana alitolewa kwenye machela huku ameng'ata glavu yake ili asipige kelele. Bernadette Sokolski, aliyekuwa akitazama kutoka chumba cha juu cha viongozi, hakungoja mechi iishe. Alishuka ngazi, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango na kuanza kupiga simu.

Kazi yake katika timu ya Wafua Chuma ilikuwa kutafuta wachezaji, na alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Sasa mechi tano zilikuwa zimebaki, timu ilikuwa imeshinda saba na kupigwa saba, na haikuwa na mrushaji. Katika mchezo wao, futiboli ya Kimarekani, mrushaji ndiye kila kitu. Mpira unaanzia mikononi mwake, na ndani ya sekunde tatu, majitu ya kilo mia na thelathini yakimjia mbio, lazima awe ameshaamua uende kwa nani. Yule wa akiba, Devin Marsh, alikuwa na mkono wa kuufikisha mpira popote, ila majitu yakikaribia alifumba macho. Wengine hawakuwa wameliona hilo. Bernadette alikuwa ameliona mara nne.

Jumatatu asubuhi alilitaja jina la Clay Burdette kikaoni, na Kocha Dale Hutchings akacheka mpaka kahawa ikamrukia shati.

"Burdette? Bernie, yule bado anapumua?"

"Ana miaka arobaini na moja, Dale. Si tisini."

"Kwenye mchezo huu ni hiyo hiyo tisini! Mkongojo atakuja nao, au tumnunulie sisi?"

"Amecheza fainali tatu. Wewe umecheza ngapi?"

Mwenye timu, mzee Aldo Ferrante, mtu asiyependa kelele kabla ya saa nne, aligonga meza kwa kidole.

"Na yale yanayosemwa juu yake?"

Yaliyosemwa kila mtu aliyajua. Kiangazi kile timu mbili zilikuwa zimemjaribu Burdette, na zote mbili zikamrudisha kwao West Virginia kwa sababu ile ile: mkono bado upo upo, lakini kichwa kimekwisha. Anaambiwa mpango wa kucheza, anakodoa macho, anaomba arudiwe, halafu anakwenda kulia badala ya kushoto. Sifa kama hiyo ikishamganda mchezaji haibanduki.

"Nimesikia," Bernadette alisema. "Sasa nataka kuona."

"Basi mlete kesho," Ferrante akasema. "Lakini tukichekwa, mama, utakuwa unachekwa wewe."

Burdette alifika Jumanne, theluji ya ziwani ikianguka, akiwa na mkewe Renita ndani ya gari la kubebea mizigo. Alikuwa mrefu, mwembamba kuliko zamani, ndevu zimeingia mvi kidevuni. Bernadette alipompa Renita mkono, aliona vidole viwili vya mama yule vimefungwa bandeji pamoja.

"Umeumia?"

"Mimi ndiye mdakaji wake, dada yangu," Renita akajibu. "Kila siku jioni, nyuma ya nyumba, mipira themanini. Mkisema huyu hana nguvu, njooni mvae vidole vyangu."

Ndani ya ukumbi wa mazoezi Hutchings alisimama upande wa kulia wa Burdette, karatasi mkononi, na kumsomea mpango wa kwanza haraka haraka. Burdette alikunja uso. "Rudia, Kocha." Hutchings akarudia. Burdette akaanza, akageukia kulia, na wadakaji wote wakakimbilia kushoto. Mpango wa pili ukawa hivyo hivyo.

"Babu kapotea njia!" mmoja wa walinzi akapiga kelele. "Mpigieni simu mkewe amchukue!"

Watu wakaangua kicheko. Hutchings hakucheka. Alimtazama tu Bernadette pale ukutani, macho yakisema, *umeona?*

Mpango wa tatu Hutchings alikuwa amehama ili apishe mpira uliokuwa ukibingirika, akawa kushoto kwa Burdette. Aliusoma mara moja. Burdette akaenda panapotakiwa, akausukuma mpira kifuani mwa mdakaji kabla mdakaji mwenyewe hajageuka vizuri. Wa nne, vilevile. Kisha Hutchings akarudi kulia, na mambo yakaharibika tena.

Bernadette aliacha kuitazama mikono ya Burdette, akaanza kuitazama shingo yake. Kila aliposemeshwa, kichwa kilikuwa kikizunguka kidogo, kuleta shavu la kushoto mbele. Marehemu baba yake Bernadette alikuwa akifanya vivyo hivyo kwenye meza ya chakula, baada ya miaka thelathini kando ya nyundo za kiwandani.

Akaomba dakika tano, akamvuta Burdette kwenye korido.

"Sikio gani?"

"Sikio? Sijakuelewa, mama."

"Umenielewa vizuri sana kwa sababu nimesimama kushoto kwako. Nikuzunguke?"

Burdette alishusha pumzi, akaegemea ukuta. "La kulia. Lilianza mwaka juzi, sasa limekufa kabisa."

"Na zile timu mbili hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Nina miaka arobaini na moja. Niwape na sababu ya pili?"

"Wamekuita mjinga ukanyamaza!"

"Mjinga wanaweza kumfundisha," alisema polepole. "Kiziwi wangemfukuza siku ile ile."

"Timu zote mbili si zimekufukuza? Tena ujinga wenyewe huna." Bernadette alisikia sauti yake imepanda, akaishusha. "Sikiliza. Mimi nimelitaja jina lako mbele ya watu waliokuwa wakinicheka. Sikufichi, na wewe hunifichi. Rudi mle ndani ukamwambie Dale mwenyewe kwa mdomo wako. Usipoweza, gari lako liko nje."

Burdette alitazama mlango wa nje, kisha wa ukumbi. Akavuta suruali yake juu na kuingia ukumbini. Akasimama mbele ya Hutchings, wachezaji wote wakiwa hapo, akasema: "Kocha, sikio langu la kulia halisikii. Si kichwa, ni sikio. Ongea upande huu uone."

Hutchings alikuna kidevu.

"Na uwanjani, watu elfu hamsini wakipiga kelele, utasikiaje?"

"Kwani wewe huwa unasikia, Kocha?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha aina nyingine. Fundi wa vifaa aliletwa, akakihamisha kispika kidogo cha ndani ya kofia, kinachomletea mrushaji sauti ya kocha, kutoka kulia kwenda kushoto, kazi ya dakika kumi. Hutchings akamsomea mipango kumi na miwili mfululizo bila kupumzika, na Burdette hakukosea hata mmoja. Mwisho akaambiwa arushe mbali. Mpira ulipaa, ukachoka, ukaanguka yadi arobaini na tano, hatua kadhaa kabla ya mdakaji.

"Mkono umekwisha," Hutchings akasema, bila kejeli sasa.

"Umekwisha kuanzia hapo ulipoanguka mpira," Burdette akajibu. "Kabla ya hapo bado ni wangu."

Kikao cha mchana kilikuwa kirefu. Hutchings alimtaka Marsh, kijana, mwenye kesho. Daktari wa timu alisema sikio halimzuii mtu kucheza. Ferrante alimuuliza Bernadette kama yuko tayari kubeba lolote litakalotokea.

"Weka jina langu kwenye karatasi, chini ya la kwake," alijibu. "Likiharibika, tutaondoka wote wawili."

Ferrante akatia saini.

Jumapili timu ya Toledo ilikuja Erie, na theluji nayo ikaja. Nusu ya kwanza ilikuwa mateso. Burdette aliporwa mipira miwili, akaangushwa mara tano, na majukwaa yakaanza kuimba kumtaka Marsh. Kule juu viongozi walikuwa wamesogeza viti vyao mbali na cha Bernadette. Alikula mkate wake wa nyama ya kuchoma bila kusikia ladha, akaumaliza wote, kwa sababu hakutaka yeyote amwone akishindwa kula.

Baada ya mapumziko Burdette aliacha kurusha mbali. Yadi sita, yadi nane, yadi tano. Mara huyu, mara yule. Toledo walijua anachofanya na hawakuweza kukizuia. Zilipobaki sekunde thelathini na nane, Wafua Chuma walikuwa nyuma kumi na sita kwa kumi na tatu, yadi saba kutoka kwenye mstari wa goli, na jaribio lao la nne ndilo la mwisho.

Hutchings alimtumia mpango wa kurusha pembeni. Burdette alijipanga, akawatazama walinzi wa Toledo, akawaona wote wameelemea huko huko pembeni. Akasimama wima. Hakupiga kelele ambazo hakuna ambaye angezisikia; akagonga kofia yake mara mbili, akanyoosha vidole vitatu, ishara ya kubadili mpango. Hutchings kule ukingoni alishika kichwa.

Mpira ukaja. Majitu yakavunja ukuta wa wazuiaji wake. Burdette alingoja, akangoja tena, na wakati bega la mtu likimwingia mbavuni, akauachia mpira mwepesi katikati, kwa Otis Brandt, jitu ambalo tangu mchana lilikuwa likifanya kazi ya kuzuia tu na hakuna aliyekuwa na habari nalo. Brandt aliukumbatia kwa mikono yote miwili, akaanguka nao ng'ambo ya mstari: pointi sita, na ushindi.

Bernadette hakuruka. Alikaa ameshika meza huku watu wakimpiga mgongoni, akitazama chini mpaka alipomwona Burdette ananyanyuliwa, anasimama, anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Waandishi walipomzunguka Hutchings na kumpongeza kwa ujasiri wa kumsajili mzee yule, kocha alitikisa kichwa. "Mimi nilimkataa. Na ule mpango wa mwisho haukuwa wangu. Kamuulizeni Bernadette Sokolski, yuko juu."

Walishinda mbili kati ya nne zilizobaki, wakaingia kwenye mtoano kwa tundu la sindano, wakatolewa mechi ya kwanza kabisa, ugenini. Burdette alicheza dakika zote. Februari alipiga simu kutoka West Virginia kusema bado anataka msimu mmoja, na Bernadette akamwambia aje Aprili kwa majaribio, kama mtu mwingine yeyote.

"Saa ngapi?" aliuliza Burdette.

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakuwepo saa moja."