Kioo cha Gari na Mama Mkwe

Usiku wa jana niliota nimekalia kiti cha dereva ndani ya gari la Kiingereza, lile la familia ambalo masetla wa Kizungu wa Kitale walikuwa nalo miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili. Rangi yake ilikuwa kijani cha mboga zilizochemshwa kupita kiasi, na mgongo wake mviringo kama wa kobe. Gari la namna hiyo hujiheshimu kuliko linavyostahili.

Kwenye kiti cha nyuma ameketi mama mkwe wangu, Namalwa, na kando yake mke wangu, Nasipwondi. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa macho anafunga mlango saa nne kamili, na atakayechelewa atasubiri mwaka mzima gizani. Saa yangu inasema tatu na nusu.

"Twende," nikasema.

"Tazama kioo kwanza," likasema gari. Sauti ilitoka kwenye redio, ingawa redio haikuwamo.

Nikalieleza, kwa Kiswahili sanifu, kwamba kwetu Wabukusu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Na kioo kile cha ndani kilikuwa kimemwelekea yeye barabara.

"Kitabu changu, ukurasa wa kumi na nne," likasema. "Dereva atazame kioo kabla ya kuondoka. Kusoma unajua?"

Nilisoma shule ya jioni miaka sita, nikitoka kazini na matope miguuni. Nikafungua kitabu. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na picha ya baba mwenye kofia, mama, watoto wawili na mbwa. Wote walinikodolea macho. Mbwa akaziba pua.

"Hiyo ndiyo familia," likasema gari. "Wewe umeniletea msafara."

"Tuko watatu tu. Hata mbwa hatuna."

"Ndiyo maana."

Mkono mdogo wa gari, ule wa kuonyeshea kona, ukachomoka ubavuni na kuninyooshea kidole. Sasa tumo ndani ya darasa langu la shule ya jioni, gari limeegeshwa katikati ya madawati, na ubaoni pameandikwa: TAZAMA KIOO. Saa ya ukutani ni nne kasorobo. Nikageuza kioo kitazame juu, kikarudi. Nikakifunika kwa kofia yangu. Gari likaitema kofia dirishani.

"Baba Wabwile," mke wangu akasema, "tazama mara moja tu. Mama haoni, hatajua."

"Nitajua mimi."

Mama mkwe akakohoa. Yeye hasemi nami, hupitia kwa binti yake. "Mwambie mkwe wangu akae hivyo hivyo. Na hilo gari liulize limeoa wapi."

Mke wangu akauliza.

Gari likapangusa kioo chake cha mbele. "Sijaoa."

"Watoto je?" akauliza mama mkwe mwenyewe.

"Sina."

"Miaka sabini na ushee unaitwa gari la familia. Huna mke, huna mtoto, huna hata mkwe wa kumwonea haya. Nani alikutuma uwafundishe walio nao?"

Baba mwenye kofia akakifunga kitabu kutoka ndani.

"Lakini lazima mtu atazame nyuma," likanong'ona gari.

"Basi tazama wewe," akasema mama mkwe.

Taa mbili za gari zikageuka, zikapenya bodi hadi kiti cha nyuma, zikakutana na uso wa mama mkwe, zikainama. "Shikamoo, mama," likasema, kama bwana harusi wa juzi.

Likaondoka kinyumenyume, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Tukapita ndani ya ubao, tukatokea kwenye ukumbi wa hospitali. Saa nne kasoro dakika moja, daktari akatushikia mlango.

Nikaamka. Mke wangu amesimama kando ya kitanda na simu mkononi.

"Mama amepiga kutoka Chwele," akasema. "Daktari amempa nafasi leo. Halafu anasema nikuambie unaendesha polepole mno, na kule kurudi kinyumenyume kumemtia kichefuchefu."

Mimi sijawahi kuendesha gari maishani mwangu. Nikamwambia ampe pole.