Baridi ya Elibariki

Jumatatu ya mwisho ya Januari, saa nne asubuhi, Bi Hind alikwenda kumgongea mpangaji wake wa chumba cha nyuma, pale Kariakoo, akakuta ukungu unatoka chini ya mlango. Ulikuwa ukungu wa kawaida wa milimani, mweupe, wenye harufu ya majani mabichi. Bi Hind akarudi kuchukua mtandio, kisha akagonga.

Elibariki alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili, anatetemeka. Miaka minane alisukuma mkokoteni sokoni na hakuna aliyemjua jina. Aliitwa "wewe wa mkokoteni", na siku za haraka "wewe" peke yake. Wiki mbili nyuma alikwenda kwao milimani kumzika shangazi, akalala chumba cha marehemu, viroboto wakamla mpaka asubuhi. Alirudi na homa, na homa ikaja na hali ya hewa yake.

Candida, mkewe, alikwishampeleka kupimwa. Malaria hakuwa nayo. Taifodi alikuwa nayo kidogo, kama kila mkazi wa Kariakoo. UTI nayo wakampa, maana kwenye karatasi ilibaki nafasi.

"Na ukungu wameuandika?" Bi Hind aliuliza.

"Wamesema hicho kipimo hawana."

Joto la mwezi ule lilikuwa halisemeki, na umeme ulikatika kila adhuhuri. Bi Hind aliomba radhi, akasukuma madumu mawili ya juisi ya ukwaju chini ya kitanda cha mgonjwa. Kufika alasiri yalikuwa yameganda. Jioni Samson, muuza nyama wa kona, alikuja kumjulia hali, begani ana paja la ng'ombe.

Kumtazama mgonjwa ni utu, lakini kwa kawaida mtu hukaa dakika kumi. Kwa Elibariki walikaa mpaka magharibi. Walimletea uji na ndizi, wakamsomea dua, mchungaji naye akaja na makoti mawili. Walimwuliza jina, na siku ya tatu akawa Mzee Eli. Amjad wa duka la vitambaa alihamishia pale kikao cha harusi ya binti yake.

Ijumaa alikuja Swaumu wa duka la dawa, aliyewahi kufanya kazi milimani. Alimfunua mgonjwa kope, akaona macho yamepauka. Akasema hiyo ni homa ya viroboto, huko juu inaua watu kila mwaka, na dawa yake ni vidonge vya siku saba. Vipo dukani, vimekaa tu.

"Mbona hatujawahi kuisikia?" Amjad aliuliza.

"Wanaoiugua wanakaa juu sana," Swaumu akajibu.

Watu walisikitika kweli. Bi Hind, mwanamke mcha Mungu, alimshika Candida mkono. "Dawa lazima anywe, mwanangu. Ila si lazima leo. Masika hayo yanakuja."

Wa kwanza kukubali alikuwa Elibariki. Wageni walipoondoka, Candida alikaa kando yake kitandani.

"Unakufa, Baba Allan."

"Najua. Lakini jana Amjad kaniuliza naionaje mechi ya Jumapili. Kaniuliza mimi, mke wangu."

Candida alilia. Alimpenda mtu huyu hata katika ujinga wake, na ujinga huu ulikuwa mkubwa. Asubuhi alikwenda kwa Swaumu, na kuanzia siku hiyo akawa anamsagia vidonge kwenye uji kwa siri. Siku ya tatu ukungu ulipungua. Siku ya tano nyama ilianza kunuka, Samson akaibeba akaondoka nayo. Siku ya saba Bi Hind alichukua madumu yake, na Elibariki akatokwa jasho sawa na mtu mwingine yeyote mjini. Hakuna aliyekuja.

Aliporudi kazini, alipita kona ya Samson.

"Mambo?"

"Poa. Sogeza mkokoteni, unaziba wateja."

Elibariki akasogeza. Samson akamwita tena.

"Oya, wewe si unakaa kwa Bi Hind? Yule mgonjwa, Mzee Eli, kahamia wapi?"

Elibariki alijifuta uso kwa kola ya shati. "Alipona," akasema.

Samson akaweka kisu chini. Alikuwa mtu wa huruma.

"Dah," akasema. "Maskini."