Mama Hana Ugonjwa

Hasira zangu zilianzia kwa Faridi, basi naanza naye. Faridi ni wakala wa bima pale Masasi mjini, ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na kazi yake ya miaka yote ni kukatia bodaboda bima. Nilimwambia nataka bima ya afya ya mama yangu, ya mwaka mzima, ya kupeleka ubalozini ili Wafaransa wampe viza ya kukaa muda mrefu. Akavuta kompyuta, akaniuliza, "Bima kubwa au bima ndogo?"

Nikamwambia mama yangu si bodaboda.

"Basi kubwa," akasema huku anaandika. "Wa mwaka gani?"

"Hamsini na sita."

Akapiga mluzi. "Huyo wa zamani, Mama Erasto. Kampuni hazipendi vya zamani."

Nilikaa kimya. Na mimi kukaa kimya si kawaida yangu, waulize watu wa Newala wanaonunua vitenge dukani kwangu. Lakini nilikuwa na shida, na mwenye shida humezea mengi.

Shida yenyewe ni mdogo wangu Yuster. Yuko Ufaransa, mji wa Lyon, mwaka wa saba sasa. Alikwenda kusoma, akabaki huko kutunza wazee wa watu, kuwaogesha na kuwalisha, wakati mama yake mwenyewe yuko Chiwata anapalilia mbaazi. Mwaka juzi alijifungua peke yake. Mume wake ni dereva wa malori, alikuwa barabarani nchi nyingine. Mtoto alikaa siku mbili. Mama aliupata msiba ule kwa simu, akakaa nayo mkononi uwani mpaka betri ikaisha, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Sasa Yuster ana mimba tena. Hakuomba hela wala korosho za kubanika. Alisema neno moja tu: "Da Rose, nataka mama awepo, na abaki mpaka mtoto akaze shingo."

Kwa hiyo nilimeza vya Faridi. Bei ya kwanza aliyonipa ilikuwa milioni moja na laki nane, nikaona inawezekana, msimu wa korosho haukuwa mbaya. "Bado kitu kidogo," akasema. "Wanampigia simu mteja, wanamuuliza hali yake ya afya. Ni dakika tano tu."

Hapo lazima nikueleze jambo kuhusu wazee wa Chiwata. Mzee wa Chiwata ukimuuliza hali hakujibu "safi" wala "poa". Hayo ni majibu ya makondakta. Mtu mwenye heshima zake anakwambia "tunajikongoja", kisha anakupa mgongo, anakupa magoti, anakuongezea na jicho la kushoto. Anayesema "mimi mzima kabisa" anajitangaza, na akijitangaza balaa linamsikia na kumfuata. Mama na jirani yake Dominika wakikutana baada ya misa, utadhani wodi mbili zinasalimiana. Wakimaliza, kila mmoja anajitwisha debe lake la korosho, wanapanda mlima, na mimi mwenye miaka arobaini na minne nabaki nyuma nahema.

Nilikuwepo siku simu ilipopigwa. Tulikaa uwani, spika imewashwa. Alikuwa binti wa Dar, ana sauti laini, ana adabu. Adabu yake ndiyo iliyotuua.

"Shikamoo mama. Simu hii inarekodiwa. Habari za afya yako?"

Mama akatabasamu. Anapenda sana mtoto anayejua kuamkia. "Marahaba mwanangu. Aa, tunajikongoja tu."

"Pole mama. Unasumbuliwa na nini?"

Swali gani hilo la kumuuliza mama yangu. Mgongo, akasema, tangu namzaa huyu Rose. Miguu inawaka moto. Macho yanaona ukungu. Kichwa kinauma. Usingizi ndiyo kabisa. Moyo nao, nikikumbuka mambo, unakwenda mbio. Nikamfinya paja anyamaze. Akadhani namkumbusha, akaongeza tumbo. Binti anasema "pole mama", na nyuma ya kila pole nasikia vidole vinagonga kibodi. Mwisho mama akamshukuru kwa kumjali. Akaniambia huyu mtoto amelelewa.

Bei ikarudi milioni saba na laki mbili.

"Wamekubali, lakini," Faridi akaniambia kama ananipa hongera. "Ila kuna magonjwa machache hawatayalipia." Nikachukua karatasi nikasoma. Mgongo hawalipii. Miguu hawalipii. Macho, moyo, kichwa, tumbo, usingizi, hawalipii. Nikamhesabu mama yangu kuanzia juu mpaka chini, nikaona vilivyobaki kulindwa na kampuni kwa milioni saba ni masikio na nywele.

Siku hiyo Faridi alinijua mimi ni nani. Sitarudia niliyoyasema, maana duka la mbele watu waliacha kununua vipuri wakaja kusikiliza.

Kesho yake nikampeleka mama hospitali ya Ndanda, nikamwambia daktari ampime kila kitu. Presha, sukari, damu, moyo, mapafu, macho. Tulishinda kutwa nzima. Jioni daktari akaniita, akaniuliza mama anafanya kazi gani. Nikamwambia anapulizia mikorosho salfa na analima ekari mbili za mihogo. Daktari akacheka. Akasema presha ya mama ni nzuri kuliko yake yeye, akaandika cheti, akagonga mhuri. Nilitoka pale nimeshika kile cheti kwa mikono miwili.

Kampuni ikajibu baada ya siku nne. Cheti tumekiona. Hata hivyo mteja amekiri maradhi hayo kwa kinywa chake mwenyewe na sauti yake ipo.

Amekiri. Mama yangu, aliyejibu salamu, amekiri kama mwizi wa kuku. Mashine za hospitali zimesema mzima, daktari amesema mzima, kampuni inasema hapana, sisi tunamwamini mama. Kama wangemwamini hivyo kwenye mambo mengine, angekuwa mbunge.

Yuster alikuwa mwezi wa saba. Miadi ya ubalozini imebaki wiki mbili, na ukiikosa unasubiri miezi. Faridi naye, nampa haki yake, hakunikimbia. Alikuna kichwa, akasema kuna kampuni nyingine, bei yake milioni mbili na kidogo. "Hao hawajawahi kumsikia mama. Ila dada yangu, safari hii umfundishe."

Nikafunga duka siku tatu nikaenda kumfundisha mama yangu kuwa mzima.

"Mama, habari za afya?"

"Aa, mwanangu, tunaji—"

"Mama."

"Sasa nimjibu mtu aliyeniamkia kana kwamba namfukuza?"

"Sema mzima."

"Wewe Rose, nina miaka sabini. Leo ndiyo nianze kujisifu?"

"Si kujisifu. Ni kweli. Daktari amepima."

"Daktari amepima leo. Kesho ameipima?"

Siku ya kwanza hakusema kabisa. Siku ya pili alilisema lile neno kwa sauti ya chini huku anaangalia kando, kama mtu anayetamka tusi mbele ya mkwe. Siku ya tatu nikakasirika, nikamwambia haya, basi, kaa na mgongo wako na Yuster azae peke yake tena. Nilipolisema nikatamani kulirudisha. Mama aliacha kuchambua mbaazi. Akaanza kusema Kimakonde, ambacho anakitumia akiwa hataki kujibiwa. Alisema hajiogopei yeye. Anaogopa akijisifu sasa hivi, wakati mwanawe ana tumbo, lile balaa likija likakuta yeye mzee hana cha kuchukuliwa, litamfuata nani. Mimi nina duka la vitenge, sina majibu ya hivyo.

Kampuni ya pili ilipiga siku ya Alhamisi. Binti mwingine, adabu ileile.

"Shikamoo mama. Habari za afya?"

Nilihesabu mpaka tisa. Mkono wa mama ulikuwa umeshika upindo wa kanga.

"Mzima," akasema.

"Hakuna maumivu ya mgongo, miguu?"

"Hakuna."

"Moyo? Presha? Macho?"

"Hakuna. Sina. Naona."

Alijibu kama shahidi mahakamani. Tulipofika mwisho, mimi nimeanza kupumua, mama akashindwa kujizuia. "Na wewe mwanangu, hujambo?" Binti akasema aa, mama, mimi nina mafua wiki ya pili, na huu mgongo wa kukaa kwenye kiti unaniua. Mama akampa dawa ya mchaichai na tangawizi, akamwonya asinywe maji ya baridi. Ndivyo tulivyokatiwa bima. Aliyelindwa alikuwa mzima na anayemlinda alikuwa hoi.

Karatasi ilipotoka, Faridi alimsomea mama mwenyewe, nadhani alitaka kulipia ile ya bodaboda. Hospitali wanalipa. Dawa wanalipa. "Na kuna hii, mama, nzuri sana. Kurudishwa nyumbani. Ukiugua sana wanakurudisha kwa ndege, na muuguzi pembeni yako. Hata ukifariki wanakurudisha."

"Nikiumwa wananirudisha?"

"Bure kabisa, mama."

"Hata kama mimi sitaki?"

Faridi akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikasema mama naye kwa maneno.

Viza ilitoka. Mama akapanda ndege amevaa makoti mawili, na begi la kilo ishirini na tatu ambamo kilo kumi na tisa zilikuwa unga wa muhogo na korosho. Alifika siku kumi kabla. Mtoto alizaliwa usiku wa Jumapili, wa kike, wakamwita Bibiana, jina la mama. Siku mbili zikapita. Ile siku ya tatu niliamka nikashika simu nikaogopa kuifungua. Mtoto alikuwa hai, analia kwa nguvu, na picha yake ninayo hapa, amevikwa kofia aliyofuma mama. Nililia dukani mbele ya wateja. Nikampigia na Faridi, nikamwambia asante, akaniuliza kama nina chombo kingine cha kukatia.

Hiyo ilikuwa Novemba. Januari Yuster akanipigia kutoka chooni, anaongea kwa kunong'ona.

"Da Rose, mama anakohoa. Wiki ya tatu. Usiku anajiziba kwa mto nisimsikie. Amekonda. Nikimwambia twende hospitali anasema mafua ya mtoto yamempitia. Bima ipo, kadi ipo, hospitali ni dakika kumi kwa miguu. Hataki."

Nikampigia mama hapohapo, damu imenipanda. Nikamwambia mama, ile kadi tumeilipia milioni mbili, si pambo la ukutani. Nenda kwa daktari.

"Nikaseme nini kwa daktari?"

"Unaumwa."

"Niliwaambia siumwi. Wamerekodi."

"Mama, huo ni ugonjwa mpya. Unaruhusiwa kuumwa."

"Na yule kijana alisema nikiumwa wananirudisha." Akawa anavuta pumzi taratibu, nikajua anasubiri kikohozi kipite. "Mtoto bado hajakaza shingo, Rose. Yuster ameanza kazi za usiku. Nikirudishwa, nani atamshika?"

Nikamweleza. Nilieleza mpaka nikakauka koo, kwamba hawamrudishi mtu kwa kikohozi, kwamba Faridi hajui hata anachouza, kwamba ile ni kwa wagonjwa mahututi, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha vibaya. Alinisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza kila mtu. Kisha akaniuliza mvua za Newala zimenyesha, na kama mwanangu Erasto amerudi shuleni.

Sasa nampigia kila jioni nikifunga duka. Yuster ananiambia kikohozi kipo. Mama mwenyewe namuuliza, mama, hujambo, na ninaomba kwa moyo wote anipe mgongo, anipe magoti, anipe hata lile jicho la kushoto.

"Mzima kabisa, mwanangu," ananijibu, na nasikia anaziba simu kwa mkono.