Bega la Kushoto

Kocha aliwaambia mama na binti waziwazi: bega la kushoto likiumia tena, habari za timu ya taifa wazisahau. Tena si bwawa peke yake linaloharibu mabega ya waogeleaji, alisema. Begi zito linayaharibu, kulalia mkono kunayaharibu, na kunyoosha mikono kila saa kutoa vitu rafu ya juu ndiyo balaa yenyewe. Mizigo mizito aiache kabisa, na ile midogo aigawe kwa mikono yote miwili. Mama aliitikia kwa kichwa, lakini alichokibeba kwenda nacho nyumbani ni maneno mawili tu: la kushoto.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na nusunusu haikuwa kazi yake. Jioni ileile alikata utepe mwekundu akamfunga binti yake kwenye mkono wa kushoto, ili nyumba nzima ijue mkono ule uko likizo. Mjomba, ambaye ndiye aliyembandika mpwa wake jina la Dagaa kwa wembamba wake, aliuliza kama mkono huo nao utalipwa mshahara. Mama hakucheka. Alikuwa macho kama askari wa zamu.

Basi begi likahamia kulia. Ndoo, kulia. Mtoto wa dada yake Dagaa akililia kubebwa, kulia. Majora ya vitambaa yaliyopangwa juu ya kabati, Dagaa aliyashusha kwa mkono mmoja huku mama akimsimamia: "Huo wa utepe usiuinue." Hata usingizini alimgeuza alalie upande wa kulia. Bega la kushoto likapona, mama akavimba kichwa, na kwa kweli alikuwa na haki kidogo.

Siku ya mchujo wa timu ya taifa, mama aliingia chumba cha kubadilishia nguo kumsaidia kuvaa kofia ya kuogelea. Nje walikuwa wameshaanza kuwaita waogeleaji. Dagaa aliinua mkono wa kushoto, lakini wa kulia ukabaki kiunoni.

"Inua na huo mwingine."

Ulifika kifuani ukakwama. Dagaa aliuma meno, jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, mama."

"Na ukaninyamazia?"

"Ungejilaumu. Nakujua, ungekesha." Dagaa alimshika kanga kwa mkono mzima. "Ni mbio moja tu. Nikishachaguliwa nitapumzika. Usimwambie kocha, nakuomba."

Mama alitoka. Mlangoni akakutana uso kwa uso na kocha, filimbi shingoni, haraka imemjaa.

"Bega likoje?"

"La kushoto zima kabisa."

Hakudanganya hata herufi moja. Kocha alitabasamu, akageuka aende zake. Mama alimtazama mgongoni akienda, akaona miaka ya alfajiri za baridi ambayo mwanawe alikuwa ameimwaga majini, akaona pia mkono ule uliokwama kifuani. Angenyamaza tu, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Kocha," aliita. "La kulia limekwisha. Mimi ndiye niliyelimaliza."

Kocha alirudi, akaingia, akalibonyeza bega kwa kidole gumba. Dagaa alitoa mguno uliomkata mama maini. Kocha hakugombeza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa waamuzi, akanong'ona nao, kisha wakamwondoa Dagaa kwenye mbio.

Filimbi ilipolia, wenzake walijirusha majini, na njia moja ya bwawa ikabaki tupu. Dagaa alikuwa benchini akiitazama njia hiyo, machozi yanamtiririka bila sauti. Mama alikaa kando yake, akanyoosha mikono amkumbatie, kisha akaiacha hewani. Hakujua amshike bega lipi.